Haki ya Kuulizwa

Tangu mwanadamu apewe akili, mambo mawili yamemshughulisha kila zama: kujua na kuamua. Kujua ni kazi ya akili. Kuamua ni kazi ya dhamiri. Mhunzi aliyejua kufua chuma aliweza kufua jembe, na aliweza kufua mkuki, na chuma chenyewe hakikumwambia kipi akifue kwanza. Kwa sababu hiyo, kila maarifa mapya yaingiapo duniani, watu wenye busara huuliza maswali mawili. La kwanza ni, "Jambo hili lawezekanaje?" La pili ni, "Nani mwenye haki ya kusema lifanywe au lisifanywe?" Vitabu vyetu vya shule hulijibu swali la kwanza kwa urefu. Swali la pili aghalabu huachwa nje ya mlango wa darasa, nami leo nataka kulikaribisha ndani.

Maarifa ninayokusudia kuyazungumza ni yale ya kuunda viumbe upya, ambayo wataalamu huyaita bayolojia sintetiki. Msomaji ajua kwamba kila kiumbe hai, tangu mbu hadi tembo, hubeba ndani ya seli zake maagizo ya uhai wake. Maagizo hayo yameandikwa katika DNA kwa herufi nne tu, zilizopangwa na kupanguliwa mara mamilioni. Kwa karne nyingi uwezo wa mwanadamu ulikuwa wa kuchagua: mkulima alichagua mbegu iliyo bora, mfugaji akachagua fahali aliye imara. Baadaye mwanadamu alijifunza kuhamisha jeni kutoka kiumbe kimoja hadi kingine. Sasa aweza kuyasoma maagizo hayo kama tusomavyo barua, akayasahihisha, na hata akayaandika mwenyewe. Mwaka 2010 kundi la wanasayansi wa Marekani lililoongozwa na Craig Venter lilitangaza kwamba limeyatengeneza kwa kemia maagizo yote ya bakteria mmoja, herufi zaidi ya milioni moja, likayatia katika seli ya bakteria wa jamii nyingine, na seli hiyo ikaishi na kuongezeka kwa kufuata maagizo mapya.

Siyasemi haya ili kumtia msomaji hofu, kwa maana hofu haijapata kuwa mwalimu mwema. Nayasema kwa sababu maarifa haya hayako mbali nasi kama tudhanivyo. Yanatugusa katika damu ya watoto wetu, katika maji ya maziwa yetu na katika mashamba ya wazee wetu.

Mimi nilizaliwa Kwale, katika kijiji ambacho mvua za masika zilikuwa neema kwa shamba na msiba kwa watoto. Maji yalipotuama katika mashimo ya njiani na katika vifuu vya nazi, mbu walizaana, na homa ikabisha hodi nyumba hata nyumba. Nilikuwa na umri wa miaka 9 mdogo wangu alipougua. Yeye alikuwa na miaka 3. Siku ya kwanza tuliona kuwa ni uchovu wa michezo. Siku ya pili alitetemeka juani. Alfajiri ya siku ya tatu mama alimfunga mgongoni kwa leso, akashika njia ya zahanati kwa miguu. Kabla ya adhuhuri alirejea naye mikononi, amefunikwa uso kwa leso ile ile. Majirani walikuja, wakakaa nasi kwa wingi na kwa ukimya, maana karibu kila mmoja wao aliwahi kukaliwa vivyo hivyo.

Nchi nyingi zimesahau msiba wa namna hii. Sisi hatujapewa nafasi ya kuusahau. Kwa kadirio la Shirika la Afya Duniani, watu 597,000 walikufa kwa malaria katika mwaka 2023. Katika kila 100 kati yao, 95 walikuwa wa bara la Afrika, na yapata robo tatu ya hao wa Afrika walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Kwa hiyo mtu ajapo kuniambia kwamba ameunda mbu awezaye kuikomesha malaria, mimi simfungii mlango. Namvutia kiti, nikamsikiliza.

Na asemayo mtu huyo ni haya. Kwa desturi ya maumbile, jeni iliyo katika mzazi mmoja huwa na bahati moja kati ya mbili ya kumfikia mtoto. Wataalamu wamegundua namna ya kuunda jeni isiyofuata desturi hiyo. Hujinakili yenyewe ikawafikia karibu watoto wote, kisha wajukuu, kisha vitukuu. Huitwa msukumo wa jeni. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College, London, walionyesha kwamba mbu wa jamii ya Anopheles gambiae, waliofungiwa vizimbani, waliweza kumalizwa kwa njia hiyo katika vizazi 7 hadi 11, kwa kuwa majike walioirithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili walikuwa tasa. Anopheles gambiae si mgeni kwetu. Ni miongoni mwa mbu wanaoeneza malaria kwa wingi zaidi Afrika, nyumbani kwetu Kwale pakiwemo.

Habari hii ni tamu masikioni mwa mtu aliyezika ndugu. Lakini kila akili itulie kidogo ipime uzito wake. Dawa nimezayo mimi hukaa mwilini mwangu. Nikiikataa kesho, imekwisha. Mbu mwenye msukumo wa jeni akiachiliwa Busia upande wa Uganda, hatangoja muhuri wa forodha ndipo avuke aje Busia upande wa Kenya. Akiisha kuachiliwa, kumrudisha ni shida kuliko kuzoa maji yaliyomwagika. Kwa hiyo ruhusa ya kijiji kimoja, au ya serikali moja, haitoshi kwa kiumbe ambaye makao yake ni bara zima. Na ruhusa ya watu wa mbali, ambao hawaumwi na mbu huyo na hawatazika mtoto kwa sababu yake, yatosha hata kidogo zaidi. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapo ndipo swali la pili linapoanza kuuma. Mwezi wa Februari mwaka 1975 wanasayansi yapata 140 walikutana Asilomar, California, ili kujadili hatari za kuunganisha DNA za viumbe mbalimbali. Jambo walilolifanya lilikuwa la heshima: walikubali kujiwekea mipaka wenyewe kabla madhara hayajatokea. Hata leo mkutano ule hutajwa kama mfano wa wasomi kujitawala. Lakini walio wengi katika baraza lile walikuwa Wamarekani, na karibu wote walikuwa watu wa maabara. Mkulima, mvuvi, mfugaji, muuguzi wa zahanati ya kijiji, hakuna aliyetarajia kuwaona pale. Desturi ikaota mizizi kwamba shauri la uhai ni shauri la wachache wajuao, na kwamba sisi wengine tutaletewa majibu yakisha kuiva.

Afrika Magharibi imekwisha kujaribu kuibadili desturi hiyo, na jaribio lake linafaa kusomwa kwa makini. Tarehe 1 Julai 2019, katika kijiji cha Bana, Burkina Faso, mbu dume waliobadilishwa jeni waliachiliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika. Walikuwa elfu kadhaa, nao walikuwa tasa. Dume la mbu haliumi. Hawakuwa na msukumo wa jeni, wala hawakukusudiwa kupunguza malaria siku ile. Walikusudiwa kuwafunza watafiti. Kabla ya siku hiyo watafiti wa nchi ile ile walikaa miaka wakizungumza na wanakijiji. Walikuta kwamba lugha ya Kidioula haina maneno ya mambo haya, wakaketi na wataalamu wa lugha kuyatafuta, ili mwanakijiji asikubali jambo lisilo na jina kinywani mwake. Kazi hiyo mimi naiheshimu kuliko mitambo yote ya maabara.

Hata hivyo, mambo hayakuishia katika ukubali wa Bana. Yako makundi ya raia wa Burkina Faso yaliyopinga, yakisema kwamba kijiji kimoja hakiwezi kusema kwa niaba ya taifa. Mwezi wa Agosti 2025, siku chache baada ya mbu wengine kuachiliwa katika kijiji kingine, serikali ya nchi hiyo iliamuru shughuli zote za mradi ule zisimamishwe. Mtu aweza kuihuzunikia amri hiyo au kuishangilia. Mimi naona ndani yake funzo moja. Ridhaa haipatikani mara moja ikawekwa kabatini kama cheti. Ni kama moto wa jikoni: usipochochewa, huzimika.

Sasa na turudi Kenya. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule moja katika Kaunti ya Baringo, mbali na bahari niliyoizoea. Mwaka wangu wa pili huko niliwachukua wanafunzi wa Kidato cha Tatu kwenda Ziwa Bogoria. Tuliona chemchemi zikitokota na kurusha maji hewani, tukaona heroe wakiwa wengi hata ukingo wa ziwa ukawa wa rangi ya waridi. Niliwaeleza kwamba katika maji yale ya moto na ya magadi, ambamo wewe na mimi tusingestahimili, wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kwamba vimeng'enya vyao, kwa kuwa havishindwi na joto wala magadi, vina thamani kubwa viwandani, mathalani katika sabuni za kufulia na katika kulainisha na kupausha nguo za jinzi.

Alikuwapo mzee mmoja wa Waendorois aliyekubali kuzungumza na wanafunzi. Watu wake walianza kuhamishwa kandokando ya ziwa hilo mwaka 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama. Shauri lao lilifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwezi wa Februari 2010 Umoja wa Afrika uliidhinisha uamuzi kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Mwanafunzi mmoja alimwuliza, "Mzee, ni kweli wageni walichukua maji ya ziwa hili wakayatia katika chupa wakaenda nayo Ulaya?"

Mzee akasema, "Nasikia hivyo. Lakini chupa ni nini, kijana wangu? Ningewapa hata ndoo. Sisi ng'ombe zetu zilikula chumvi hapa, na wazee wetu waliomba Mungu hapa. Mtu akija kwako usiku akachukua maji, na mtu akija mchana akasema hodi ukampa maji, ndoo ni moja, lakini hao si watu wamoja."

Historia ya maji hayo ni hii. Mwaka 1992 watafiti kutoka ng'ambo walikusanya viumbe wadogo katika maziwa yetu ya magadi. Miaka ilipopita, vimeng'enya vilivyotokana na utafiti wa namna hiyo viliingia sokoni. Mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lililalamika kwamba viumbe hao walichukuliwa bila idhini yake na bila nchi kugawiwa faida. Upande wa pili ukakana kwamba ulitenda kosa. Baadaye, mwaka 2007, shirika hilo lilitia saini mapatano na kampuni ya Novozymes ya Denmark, ili utafiti wa viumbe hao ufanywe kwa ruhusa, kwa malipo na kwa kuwafunza Wakenya kazi. Hatua hiyo ilikuwa njema, kwani ilithibitisha kwamba kupiga hodi kwawezekana, na kwamba biashara haifi kwa sababu ya adabu.

Tukiwa njiani kurudi shuleni, mwanafunzi yule akanijia kwa swali jingine. "Mwalimu, kwa hiyo siku hizi wakitaka wadudu hao, bado watahitaji chupa?" Nikamjibu kwamba hawahitaji. Na hapa ndipo bayolojia sintetiki inapoligeuza jambo zima. Zamani, aliyetaka mali ya Bogoria alilazimika kufika Bogoria. Leo maagizo ya kiumbe yakisha kusomwa, herufi zake huwekwa katika hazina za kompyuta, na mtu aliyeketi Boston au Copenhagen aweza kuzichukua, akaagiza DNA itengenezwe kwa herufi hizo, akaitia katika hamira au bakteria wa maabarani, na kiwanda kikaanza kazi. Hakuna chupa iliyopita uwanja wa ndege, na mlinzi wa lango hana wa kumkagua.

Wanadamu hawakulala mbele ya jambo hilo. Maneno ya Mkataba wa Bayoanuwai yalikubaliwa papa hapa Nairobi, tarehe 22 Mei 1992, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa duniani. Mkataba huo ulitamka kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ikaeleza namna ya kuomba idhini na kugawana faida. Lakini sheria hizo ziliandikwa kwa kuifikiria chupa kuliko herufi. Ndiyo maana mataifa yalikutana tena, Montreal mwaka 2022 na Cali, Colombia, mwaka 2024, wakakubaliana kuwe na mfuko ambao kampuni zinazopata faida kutokana na herufi hizo zingeuchangia, na walau nusu ya fedha iwafae watu wa asili na jamii za mahali. Mfuko huo ulifunguliwa mwezi wa Februari 2025. Uchangiaji wake ni wa kuhimizwa, haulazimishwi. Na mdaiwa anayelipa apendapo huwa si mwepesi wa kupenda. Lakini mlango umefunguliwa, nao haukufunguka wenyewe. Ulisukumwa na wajumbe wa Afrika na wa nchi nyingine za kusini ambao kwa miaka walikataa kunyamaza.

Mkulima naye ana lake la kusema. Iko dawa ya malaria iitwayo artemisinini, itokayo katika mmea wa artemisia, wenye asili ya China. Mwanasayansi wa Kichina, Tu Youyou, ndiye aliyeongoza kazi ya kuipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kufuata maandishi ya tiba ya kale, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa ilipohitajiwa kwa wingi, wakulima wadogo wa Kenya, Uganda na Tanzania walipanda mmea huo. Wakati huo huo watafiti wa Berkeley, California, wakiongozwa na Jay Keasling, walitia katika hamira jeni za kuunda asidi ambayo hugeuzwa kuwa artemisinini. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kuitengeneza kwa wingi nchini Italia.

Nia ilikuwa njema bila shaka: dawa isikosekane, na bei isipande na kushuka kama mawimbi. Mimi, niliyemwona mama akirudi na mzigo ule mikononi, siwezi kuilaani dawa kwa kuwa imetoka katika pipa badala ya shamba. Lakini mkulima aliyelima artemisia, ambaye pipa lile lingeweza kumwondoa shambani, hakupewa kiti alipokuwa akijadiliwa. Mambo yalivyogeuka, soko ndilo lililomwokoa. Gharama ya dawa ya hamira ilikuwa yapata dola 350 hadi 400 kwa kilo, na ile ya shambani ikapatikana kwa chini ya dola 250, hata mwaka 2015 kiwanda kile hakikutengeneza hata kilo moja. Aliyeokolewa na soko asijisahau, kwa kuwa soko halina ahadi. Wazee wa Molo na Kisii wanaoikumbuka enzi ya pareto, wakati Kenya ilipoongoza dunia kwa zao hilo, wanajua namna dawa za viwandani zilivyochangia kulipunguzia shamba heshima yake. Hakuna aliyewatendea uovu kwa makusudi. Walisahauliwa tu, na kusahauliwa kwaweza kumfukarisha mtu kama kuibiwa.

Wapo watakaonipinga kwa hoja mbili, nazo zastahili jibu la heshima. Watasema kwanza kwamba watoto wanakufa wakati sisi tunafanya mikutano. Ni kweli, na hoja hii hunikaba koo kuliko nyingine. Lakini kazi iliyoharakishwa bila ridhaa mara nyingi husimamishwa katikati, na mradi uliosimama katikati hauponyi mtoto yeyote. Anayetaka kufika mapema ni heri aulize njia mapema. Watasema pili kwamba mwanakijiji hawezi kuelewa mambo ya jeni. Hoja hii nimeipima mwenyewe. Likizo moja nilimweleza mama yangu, ambaye hakupita darasa la nne, habari ya mbu mwenye msukumo wa jeni. Nilimweleza kwa Kidigo na Kiswahili, nikitumia mfano wa mbegu na urithi. Alinyamaza akichagua mchele, kisha akaniambia:

"Mwanangu, mimi mbu huyo ningempa ruhusa leo kabla ya magharibi. Lakini niambie mambo mawili. Mbu wakiisha, mijusi na popo watakula nini? Na yakiharibika, aliyemleta atakuwa wapi?"

Swali lake la kwanza ni lile lile ambalo wataalamu wa mazingira hulichunguza hadi leo. La pili ni lile ambalo mataifa yaliliandikia itifaki nzima ya dhima na fidia, ile ya Nagoya na Kuala Lumpur ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2018. Mama hakuisoma itifaki hiyo. Alilijua swali kwa kuwa ameishi maisha yanayolizaa. Basi asiniambie mtu kwamba wa namna yake hana la kuchangia barazani. Penye wengi hapaharibiki neno, ilimradi wengi hao wasikilizwe na si kuhesabiwa tu.

Kuulizwa kunakostahili jina hilo kuna masharti yake. Mtu aulizwe mapema, kabla ya mambo kukatwa, kwa maana anayeulizwa baada ya uamuzi huwa anaarifiwa. Aulizwe kwa lugha anayoiota usingizini. Aulizwe akiwa na uwezo wa kusema la, na la yake iwe na uzito, kwa kuwa ndiyo ya asiyeweza kusema la haina thamani. Ajulishwe nani atakayewajibika, kwa jina na kwa anwani. Na waulizwe wote wahusika: wanawake wanaokesha na wagonjwa, wafugaji wasio na ofisi, na majirani walio ng'ambo ya mpaka. Mataifa yenyewe, yalipokutana Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2018, yalikubali kwamba kabla ya kuachilia viumbe wenye msukumo wa jeni yapasa, inapofaa, kutafutwa ridhaa ya jamii zitakazoguswa, ridhaa iliyo huru, ya mapema na yenye kuelewa. Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imetaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na katika Kifungu cha 69 ikaiagiza Serikali ilinde rasilimali za jeni na maarifa ya asili ya jamii zetu. Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 imeweka mamlaka ya kusimamia viumbe waliobadilishwa jeni. Maandishi tunayo. Yakosekanayo mara nyingi ni watu wa kuyadai.

Nikiulizwa mimi, na nani ajuaye, huenda siku moja nikaulizwa, nitasema hivi. Kazi ya maabara iendelee, tena iendelee mikononi mwa watu wetu. Huko Bagamoyo, Tanzania, wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, wakishirikiana na wenzao wa London, wamekwisha kuunda maabarani mbu waliobadilishwa jeni. Na jambo likiundwa Bagamoyo, Mwafrika huwa amelikaribia mezani badala ya kungojea makombo. Lakini asiachiliwe hata mbu mmoja mwenye msukumo wa jeni mpaka nchi za jirani zimekubaliana, na mpaka wenye mashamba na wenye watoto wameelezwa, wakauliza, wakajibiwa. Nasema hivyo nikiijua gharama ya kungoja, kwa kuwa nyumba yetu imekwisha kuilipa.

Ewe kijana usomaye maneno haya, baraza hili litakuwa lako kabla nywele zangu hazijawa nyeupe. Usiliingie kwa chuki ya elimu, kwa kuwa anayekataa asichokijua hupewa na wengine jina la mjinga, nao hupata kisingizio cha kumpita. Usiliingie pia kwa unyenyekevu wa kukubali kila kitokacho mbali. Soma Biolojia yako kwa bidii, hata uweze kuyafuata maagizo ya jeni herufi kwa herufi. Soma sheria za nchi yako. Na usiiache lugha ya nyumbani kwenu ife ulimini mwako, kwa sababu siku moja utahitajiwa kumweleza bibi yako jambo ambalo hakuna mwingine duniani awezaye kumweleza, kisha kulichukua swali lake na kulifikisha mahali ambapo hakuna mwingine angelifikisha. Kazi hiyo ya kwenda na kurudi, kati ya maabara na uwanja wa nyumba, haina tuzo wala nishani. Lakini bila ya watu wa kuifanya, wanaojua wataendelea kuamua peke yao, na wanaoguswa wataendelea kusikia habari za uamuzi kwa mbali, kama ngoma ya kijiji cha pili.